HEDIFONI ZA KUOGELEA: MAMBO YA KUTAZAMA KABLA YA KUTOA FEDHA

Katika miezi hii ya karibuni wazazi kadhaa wametuuliza swali moja, kila mmoja kwa maneno yake. Mmoja ana kijana aogeleaye katika bwawa la shule, naye ataka anunuliwe chombo cha kusikilizia sauti akiwa majini. Mwingine ni mtu mzima aliyeambiwa na tabibu aogelee kwa ajili ya magoti yake, naye amechoshwa na upweke wa kwenda na kurudi bwawani bila ya kusikia kitu ila maji. Wa tatu ni mama ambaye mumewe amemletea chombo hicho kwa zawadi, lakini aogopa kukivaa asije akajidhuru masikio. Wote wataka kujua: je, vyombo vya namna hiyo vipo kweli, na mtu atakijuaje kilicho chema na kilicho kibovu?

Swali hili si la upuuzi hata kidogo. Ndani yake mna mambo matatu ambayo kila mwenye nyumba hana budi kuyalinda: fedha yake, masikio ya watu wake, na uhai wao wanapokuwa majini. Kwa hiyo tumeona yafaa tulieleze kwa urefu, ili yule atakayenunua anunue kwa maarifa, na yule asiyehitaji abaki na fedha yake mfukoni.

Vyombo hivi vijana huviita hedifoni, nasi tutalitumia jina hilo hilo, kwani ndilo lijulikanalo dukani.

Kwa nini hedifoni za kawaida hazifai

Hedifoni nyingi zinazouzwa siku hizi hazina waya. Sauti hutoka katika simu ikapelekwa masikioni kwa mawimbi ya redio, kwa njia iitwayo Bluetooth. Hewani mawimbi hayo huenda mita kumi au zaidi bila ya taabu, na ndiyo maana mtu aweza kuiacha simu chumbani, akatoka ukumbini, na bado akasikia. Majini mambo ni mengine kabisa. Mawimbi ya Bluetooth ni ya gigahezi 2.4, na mawimbi ya namna hiyo humezwa na maji upesi sana. Yanakaribiana mno na yale yatumikayo katika jiko la maikrowevu, ambalo hupasha chakula moto kwa sababu maji yaliyomo ndani ya chakula huyanyonya mawimbi hayo. Basi kichwa kikizama sentimita chache tu, sauti hukatika. Mwogeleaji akiinua kichwa husikia, akikizamisha hasikii. Na mtu aogeleaye vizuri kichwa chake ki majini karibu wakati wote.

Wengine hudhani kwamba dawa ya jambo hili ni kuvaa saa ya mkononi yenye kutoa sauti, wakaiacha simu nchi kavu. Hilo nalo halisaidii sana, kwani kila mkono unapopita chini ya maji, maji huwa yamesimama baina ya saa na sikio.

Kwa sababu hiyo hedifoni ya kuogelea ya kweli huibeba sauti ndani yake yenyewe. Ina hazina ndogo ya kuwekea sauti, kama ile ya simu. Mtu huiunganisha na kompyuta kwa waya, akanakili humo masomo, mawaidha, hadithi au chochote kingine apendacho kusikiliza, kisha huingia majini bila ya simu. Vimepata kuundwa pia vyombo vinavyopokea sauti kutoka mtambo maalumu uwekwao kando ya bwawa, lakini hivyo ni vichache na ni vya gharama kubwa. Kwa watu wa kawaida kanuni ni moja: muuzaji akikwambia kwamba hedifoni yake ni ya kuogelea, muulize kwanza, "Sauti huwekwa wapi?" Akijibu kwamba sauti hutoka katika simu tu, basi ama hajui auzacho, ama ajua na anaficha.

Hapa pana jambo jingine ambalo limewaudhi watu wengi baada ya kununua. Zile sauti ambazo mtu huzisikiliza kwa kulipa ada ya kila mwezi, hata kama amezihifadhi katika simu yake, aghalabu haziwezi kutolewa humo na kutiwa katika hedifoni. Zimefungwa. Hedifoni yataka mafaili yaliyo huru, kama yale ya MP3. Mtu asiyekuwa na mafaili ya namna hiyo, wala kompyuta ya kunakilia, atanunua chombo kizuri kisha akitazame tu.

Nambari zilizoandikwa juu ya sanduku

Jirani yetu mmoja, mzee wa makamo, alikuja kwetu na hedifoni iliyokufa siku ya tatu tangu ainunue. Alituonyesha sanduku lake, akasema, "Mwalimu, si hii hapa picha ya mtu anaogelea?" Kweli picha ilikuwapo, tena yenye kupendeza. Lakini tulipoligeuza sanduku tukasoma maandishi madogo ya nyuma, tulikuta yameandikwa IPX4. Picha ilisema jambo moja, nambari ikasema jingine. Na katika mambo ya ufundi, nambari ndiyo shahidi.

Nambari hizi si maneno ya muuzaji. Zimewekwa na Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme, iliyoanzishwa mwaka 1906, ambayo kwa Kiingereza hufupishwa IEC, katika kanuni yake nambari 60529. Baada ya herufi IP hufuata tarakimu mbili. Ya kwanza yahusu vumbi, na ya pili yahusu maji. Mahali pa tarakimu pakiwekwa herufi X, maana yake ni kwamba upande ule haukutajwa, si kwamba chombo ni kizuri wala kibaya kwa upande huo.

Tarakimu ya pili ndiyo tunayoitafuta. Nambari 4 maana yake ni kwamba chombo chaweza kustahimili maji ya kurushwa kutoka kila upande, kama jasho la mkimbiaji au manyunyu ya mvua. Nambari 5 na 6 ni za maji yatokayo kwa nguvu katika mpira. Nambari 7 yamaanisha kwamba chombo chaweza kuzamishwa mita 1 kwa muda wa dakika 30. Nambari 8 ni ya kuzamishwa kupita hapo, kwa kina na muda ambao mwenye kuunda chombo hana budi kuutaja mwenyewe.

Kwa kuogelea, sisi twaona nambari 8 ndiyo ya kutafutwa. Mtu aweza kusema, "Mimi siendi chini ya mita 1, basi 7 yanitosha." Lakini kipimo cha nambari 7 hufanywa katika maji yaliyotulia, na chombo nacho kimetulia. Mwogeleaji hatulii. Hupiga maji, hugeuza kichwa, hujirusha kutoka ukingoni, na huendelea zaidi ya dakika 30, tena leo na kesho na wiki ijayo. Pia ijulikane kwamba vipimo hivi hufanywa kwa maji matamu. Chumvi ya bahari na klorini ya bwawani hazimo katika kipimo hicho. Kwa hiyo mwenye kuogelea baharini atafute maneno ya wazi katika kijitabu cha chombo yasemayo kwamba chafaa kwa maji ya chumvi. Yasipokuwapo, asijifariji kwa kudhani.

Hata hedifoni za majina makubwa hazitoki katika kanuni hii. AirPods za Apple, ambazo vijana wetu wengi wazitamani, hazikuundwa kwa kuogelea, na Apple wenyewe wasema hivyo. Ukubwa wa jina na ukubwa wa bei havizuii maji.

Njia mbili za kuipeleka sauti

Hedifoni za kuogelea zilizo nyingi ni za namna mbili, na ni muhimu kuzifahamu zote mbili, kwa kuwa kila moja ina wema wake na ila yake.

Namna ya kwanza ni ile iingiayo ndani ya tundu la sikio. Huziba tundu kwa kipande laini cha mpira, na sauti hupita hewani kuelekea kwenye kiwambo cha sikio kama kawaida. Wema wake ni kwamba sauti yake huwa nzito na kamili. Ila yake ni kwamba yote hutegemea kile kizibo. Kikikaa vibaya, maji huingia, na tone moja tu likikaa mbele ya kiwambo sauti hufifia. Kampuni ya Sony ya Japani ilitoa chombo cha namna hii kiitwacho NW-WS413, chenye hazina ya gigabaiti 4, kilichotengenezwa kustahimili hata maji ya bahari hadi kina cha mita 2. Pamoja nacho vilitiwa vizibo vya saizi mbalimbali, na vizibo vya kuogelea vilikuwa mbali na vile vya nchi kavu. Watu waliovaa vile vya nchi kavu majini walilaumu chombo, na kosa halikuwa la chombo.

Namna ya pili ni ile ipelekayo sauti kwa njia ya mfupa. Hii haiingii sikioni kabisa. Hukaa mbele ya sikio, juu ya mfupa wa shavu, ikatetema. Na mtetemo huo hupita katika mifupa ya kichwa mpaka sikio la ndani, bila ya kupitia kiwambo. Jambo hili laweza kuonekana la ajabu, lakini kila mmoja wetu analijua tangu utotoni. Ziba masikio yako kwa vidole, kisha usome kwa sauti ndogo: utajisikia vizuri, kwani sauti yako yapita katika mifupa. Kampuni ya Shokz, ambayo zamani iliitwa AfterShokz, huunda hedifoni za namna hii. OpenSwim yao ya kwanza ilikuwa na gigabaiti 4 na haikuwa na Bluetooth. Mwaka 2024 walitoa OpenSwim Pro yenye gigabaiti 32, ambayo ina Bluetooth kwa matumizi ya nchi kavu na hazina yake yenyewe kwa matumizi ya majini. Kampuni ya FINIS ya Marekani nayo iliunda Duo, ambayo hubanwa katika ukanda wa miwani ya kuogelea, kila upande kipande kimoja.

Wema wa namna hii ya mfupa ni kwamba hakuna kinachosukumwa ndani ya sikio, na nchi kavu mtu huendelea kusikia watu wanaomwita. Ila yake ni kwamba sauti nzito, kama ngoma, huwa hafifu, ingawa sauti ya mtu anayezungumza husikika wazi. Basi mwenye kutaka kusikiliza masomo na mazungumzo, njia ya mfupa yamtosha kabisa. Waundaji wengi hutia sandukuni vizibo vya masikio pia, kwani sikio likizibwa sauti ipitayo katika mfupa husikika kwa nguvu zaidi. Lakini fahamuni kwamba ukivaa vizibo hivyo, ile faida ya kuwasikia watu wa karibu nawe imekwisha. Huwezi kuziba sikio na kuliacha wazi kwa wakati mmoja.

Hazina, betri na vitufe

Dukani huwavutia watu kwa nambari kubwa za gigabaiti. Tufanye hesabu kidogo. Sauti ya MP3 ya kiwango cha kawaida huchukua takriban megabaiti 1 kwa dakika moja. Kwa hiyo gigabaiti 4 zatosha sauti ya saa zaidi ya 60. Mtu aogeleaye saa moja kwa siku, mara tatu kwa wiki, atachukua zaidi ya miezi minne kuzimaliza bila ya kurudia. Hana haja ya kulipa zaidi kwa ajili ya gigabaiti 32, isipokuwa awe anataka faida nyingine zilizomo katika chombo hicho.

Betri nayo ni vivyo hivyo. Saa sita au nane zatosha kabisa, kwani hakuna mtu wa kawaida akaaye majini muda huo wote. La kuangalia zaidi ni jinsi ya kuchaji. Vyombo vingi vya kuogelea havina tundu la waya, kwani tundu ni mlango wa maji. Vina vidoti vya chuma upande wa nje, na waya wake maalumu hushikamana hapo. Waya huo ukipotea, waya wa simu hautafaa. Ulizeni kama waweza kupatikana peke yake kabla ya kununua.

Vitufe viwe vya kubonyezwa, vyenye kupapaswa kwa kidole. Vile vya kuguswa tu havifai, kwa sababu maji hugusa kama kidole, na chombo chaweza kuzima au kupaza sauti chenyewe.

Kwa mama na binti zetu wanaoogelea kwa mavazi yafunikayo kichwa, tuna neno la kuongeza. Hedifoni ya mfupa haina budi kugusa ngozi. Kitambaa kizito kikiwa baina yake na shavu, mtetemo hupungua. Ivaliwe kwanza, kisha kifuniko cha kichwa kije juu yake. Hapo kitambaa hicho huwa msaada, kwani huikandamiza isiteleze. Na kwa kuwa vitufe vitakuwa chini ya nguo, vichaguliwe vile vikubwa, au mtu apange sauti yake kabla ya kuingia majini.

Masikio ya watu wetu

Sisi ambao kazi yetu ni kufundisha watoto kwa kusoma na kusomewa twaijua thamani ya sikio kuliko watu wengi. Mtoto mwenye macho dhaifu huonekana upesi, kwa kuwa hulileta kitabu puani. Mtoto mwenye sikio dhaifu hukaa miezi akidhaniwa mjinga au mkaidi, na huenda akapigwa kwa kosa ambalo si lake. Ndiyo maana hatuwezi kulipita jambo hili kwa haraka.

Hatari ya kwanza ni ukubwa wa sauti. Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba mtu mzima asipite desibeli 80 kwa saa 40 za wiki, na mtoto asipite desibeli 75 kwa muda huo huo. Sauti ikifika desibeli 90, muda wa salama kwa mtu mzima huporomoka kutoka saa 40 hadi saa 4 tu kwa wiki. Majini watu hupaza sauti ili ishinde kelele ya maji, na hapo ndipo madhara huingia polepole. Wala asidhani mtu kwamba hedifoni ya mfupa haina madhara kwa kuwa haigusi kiwambo. Sikio la ndani ni lile lile, nalo likishachakaa halirudi.

Hatari ya pili ni unyevu. Maji yakikaa katika tundu la sikio, ngozi ya ndani hulainika, vijidudu hupata makao, na sikio huwasha, huuma na kuvimba. Kizibo kilichovaliwa muda mrefu, au kisichosafishwa, huongeza jambo hilo. Baada ya kutoka majini, inamisha kichwa upande mmoja kisha wa pili, maji yatoke, na upanguse nje ya sikio kwa taulo. Msitie ndani pamba ya kijiti, wala njiti ya kiberiti, wala unyoya wa kuku. Vitu hivyo huisukuma nta ndani, na hukwaruza ngozi ambayo tayari imelainika.

Mwenye kiwambo kilichotoboka, au sikio litokalo usaha, au aliyepasuliwa sikio karibuni, huyo asitafute hedifoni wala asiingie majini kabla ya kumwona daktari. Na asishawishike na neno la muuzaji kwamba ile ya mfupa humfaa. Yaweza kumfaa kwa kusikia. Lakini maji yatakayoingia sikioni hayajui kwamba amevaa hedifoni ya namna gani.

Bwawani na baharini

Sasa twafika kwenye jambo lililo kubwa kuliko yote. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani katika mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wasiofika miaka mitano. Siku ya 25 Julai ya kila mwaka imewekwa na Umoja wa Mataifa kuwa siku ya kukumbusha kujikinga na maafa haya. Mtu azamaye hupiga kelele mara chache. Aghalabu huzama kimya. Kwa hiyo walio karibu naye ndio wapaswao kuona na kusikia, na yeye mwenyewe kabla ya hapo apaswa kusikia anapoonywa.

Basi mtoto anayejifunza kuogelea asipewe hedifoni kabisa, hata iwe bora namna gani. Anayejifunza yampasa amsikie mwalimu wake. Akiitwa "Rudi!" arudi mara ile, si baada ya somo kwisha masikioni. Hedifoni ni ya yule ambaye kuogelea kumekwisha kuwa kama kutembea kwake, naye yumo katika bwawa lenye mipaka na lenye mlinzi atazamaye. Katika bwawa la mita 25, mwenye kuogelea kilomita 1 hulikata mara 40. Huyo ndiye hasa atakayefaidika na sauti ya kumliwaza, kwani mahali pake hapana mashua, wala wimbi, wala mkondo.

Baharini hukumu yabadilika. Pwani yetu maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na katika bamvua tofauti yaweza kufika mita 4 hivi. Mkondo upitao mlangoni mwa miamba saa ya kupwa si mchezo. Tena kuna mashua za mashine. Mtu akiwa chini ya maji, sauti humfikia kwa mwendo wa takriban mita 1,500 kwa sekunde, na hewani ni takriban mita 340 tu. Kwa sababu ya upesi huo masikio mawili hupata sauti karibu kwa wakati mmoja, na mtu hushindwa kutambua imetoka upande gani. Hata bila ya hedifoni, mwogeleaji asikiaye mashine majini hajui kama yaja kutoka kulia au kushoto. Sharti ainue kichwa atazame na asikilize hewani. Akiwa amejaza masikio yake maneno na vizibo, hataisikia mpaka imfikie.

Kwa hiyo sisi twasema wazi: baharini, hedifoni iachwe nchi kavu. Na kama kuna mtu mzima mwenye ujuzi ambaye hakubali kuiacha, basi angalau asiogelee peke yake, awe mahali ambapo vyombo havipiti, avae kofia ya rangi ya kung'aa, atumie ile ya mfupa bila ya vizibo, na sauti iwe ndogo. Hilo twalisema kwa kupunguza hatari tu, si kwa kulisifu.

Kununua na kutunza

Hedifoni za kweli za kuogelea, bei yake aghalabu ni mara kadhaa ya zile za kawaida zipangwazo barazani. Mtu akikuletea yenye jina kubwa kwa bei ya muhogo, jina hilo limebandikwa. Soma nambari ya IP iliyoandikwa katika kijitabu, usiamini ya kwenye karatasi ya nje peke yake. Taka risiti. Uliza kama dhamana yake yakubali chombo kilichoharibika kwa maji, kwani ziko dhamana zinazoahidi kila kitu isipokuwa kile ambacho chombo kimenunuliwa kwacho. Kisha, kama ni ya mfupa, ijaribuni pamoja na kofia na miwani yenu ya kuogelea, kwa kuwa ukanda wa miwani na mshipi wa hedifoni hugombea mahali pamoja nyuma ya kichwa.

Utunzaji wake si mgumu, lakini hauna mapumziko. Kila utokapo majini, isuuze kwa maji matamu, hasa ikiwa ni maji ya chumvi. Ipanguse, iache ikauke kivulini. Usiianike juani wala usiiweke ndani ya gari lililofungwa, kwani joto huzeesha mipira izuiayo maji. Usiioshe kwa sabuni kali. Na usiichaji ikiwa mbichi, hata kwa dakika moja, kwa kuwa umeme ukikutana na maji ya chumvi juu ya vile vidoti vya chuma, huvila, na siku moja chombo kitakataa kuchaji. Jueni pia kwamba hata mipira mizuri huchakaa. Chombo kilichozuia maji mwaka wa kwanza si lazima kizuie mwaka wa nne, na kikishaanguka kikapata ufa, nambari iliyoandikwa juu yake haina maana tena.

Kwa ufupi

Wale watatu waliotuuliza sasa twaweza kuwajibu. Kijana wa shule, ikiwa bado anafundishwa, asubiri. Fedha hiyo bora ilipiwe mafunzo yake ya kuogelea, ambayo yatamfaa siku ambayo hakuna hedifoni wala bwawa. Mzee wa magoti anunue, ya mfupa, yenye nambari 8 na hazina ya gigabaiti 4, aitumie bwawani kwa sauti ya kiasi. Na mama aliyeletewa zawadi asome nyuma ya sanduku lake kwanza. Ikiwa pameandikwa 8, na masikio yake ni mazima, avae bila ya hofu na amshukuru mumewe. Ikiwa pameandikwa 4, zawadi bado ni zawadi: aisikilize jikoni, wala asiiambie maji.